Meno ya Kustaafia

Katika nyumba ya Mzee Mita, maji ya choo yalivutwa jioni tu, na mwenye ruhusa ya kuyavuta alikuwa yeye peke yake. Mchana kutwa, mwenye haja aliingia, akafanya yake, akafunika, akatoka huku amebana pumzi. Aliyelalamika aliambiwa kwamba choo hakina kosa, ni pua yake tu inayojidekeza. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, aliishi na harufu hiyo miaka yote ya ndoa yake na hakuizoea hata siku moja. Kuna wanaosema mwanadamu huzoea chochote. Waongo wakubwa hao. Kuna mambo mtu hayazoei, anayanyamazia tu.

Mzee Mita alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Alipita nyumba kwa nyumba, akafunua kifuniko, akapangusa kioo kwa kidole gumba na kuandika tarakimu. Kwa kuijua mita ndani na nje, aliujua pia udhaifu wake: mita haihisi tone. Ukifungua bomba kama watu wengine, sindano inazunguka na bili inapanda. Ukilifungua kidogo sana, likadondosha tone, likatulia, likadondosha jingine, sindano inakaa kimya utadhani imekufa. Basi bomba la nyumbani kwake lilidondosha matone usiku na mchana kwenye pipa la plastiki uani, na maji yote ya nyumba ile, isipokuwa ya choo, yalitoka humo, ya kupikia, ya kuogea na ya kunywa. Maji ya bure. Pipa lilikuwa na utelezi wa kijani ukingoni na viluwiluwi vikicheza juu, na Mama Pacha aliyachuja maji kwa kitambaa kilichobaki kwenye ushonaji, uso ameugeuza pembeni. Mfanyakazi wa maji anaiibia maji idara ya maji, halafu anajisifu kwamba ana nidhamu ya fedha! Lakini ndivyo alivyojisifu, na watu walimwamini.

Vipande vya sabuni vilivyokwisha havikutupwa. Vilikandamizwa pamoja vikawa donge moja la rangi rangi, lenye nywele za kila mtu ndani yake. Mafuta ya kukaangia yalirudishwa chupani mpaka yakawa meusi na mazito. Dawa ya meno ilipokwisha, kifuko chake kilipasuliwa kwa mkasi na kukwanguliwa kwa mswaki siku kadhaa. Watoto wao pacha, ambao sasa ni wanaume wenye nyumba zao, walikuja kusalimia na kuondoka siku hiyo hiyo, kila mara wana safari ya ghafla. Wake zao walikuwa wamesema waziwazi kwamba hawalali pale. Mama Pacha hakuwalaumu. Angekuwa na pa kwenda, naye angekuwa na safari ya ghafla.

Mkono wa birika hakuzaliwa nao, tumtendee haki. Alipoajiriwa kijana, alifundishwa kazi na msimamizi mmoja aliyekuwa mtanashati kupita wote, mwenye viatu vya kung'aa na vicheko vya kujaza ofisi. Msimamizi yule alistaafu, akapokea kiinua mgongo chake, na kabla watu hawajamsahau vizuri akaanza kurudi ofisini kuomba nauli. Mwanzoni aliomba kwa utani. Baadaye alikuja na suruali iliyolowa mbele, akakaa kwenye benchi la wateja, na makarani wakafungua madirisha. Siku moja walimtuma msoma mita kijana amtoe nje taratibu. Alimtoa, amemshika mkono, na jioni hiyo alifika nyumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia mkewe aliyekuwa na mimba ya pacha, "Mimi sitanuka hivyo. Nakuapia, mke wangu. Uzeeni hatutamnukia mtu."

Mama Pacha alimpenda sana jioni ile. Alijiona ameolewa na mwanamume mwenye akili, asiyekunywa, asiyehonga, anayetazama mbali. Yeye mwenyewe alikuwa mshonaji, na fundi hasa, anayeshona sare za shule na nguo za harusi kwenye chumba cha mbele kilichotazama barabara. Wakakubaliana. Mshahara wa mume ungewekwa akiba kwanza na kuliwa baadaye, na pesa ya cherehani ingeingia yote kwenye akaunti ile ile, yenye jina la mume kwa kuwa ndiye aliyekuwa na muda wa kwenda benki. Kila kitu kingine kingesubiri. Neno lao lilikuwa moja: tutakapostaafu. Kochi jipya, tutakapostaafu. Kwenda kumwona dada yake mkubwa, tutakapostaafu. Dada akafa, na nauli ya mazishini ikalipwa kwa manung'uniko.

Na meno, tutakapostaafu.

Jino la kwanza lilimuuma Mama Pacha wakati pacha walipoanza shule. Daktari wa kliniki alisema linazibika. Mzee Mita, wakati huo bado Baba Pacha tu, aliuliza bei ya kuziba, akauliza bei ya kung'oa, akamvuta mkewe kando ya mlango.

"Kuziba ni ghali, na mwakani linaoza tena. Jino likishang'olewa halikudai kitu maisha yako yote."

Likang'olewa. Akamsifu kwa kutolia. La pili likang'olewa, na la tatu, na kila mara alirudi nyumbani na pamba mdomoni na sifa masikioni, na kila mara, jamani, alijiona ameshinda kitu. Hilo ndilo lililokuja kumtia kinyaa baadaye kuliko yote, kwamba hakuburutwa. Alikwenda kwa miguu yake, akakaa kwenye kile kiti, akafungua mdomo.

Mwishowe akabakiwa na manne mbele, ya kahawia, yanayocheza, na fizi zilizovimba zikitoa maji ambayo aliyatema alfajiri kabla mtu hajaamka. Fundi cherehani ana kazi na meno yake. Hukatia uzi, hubania pini anapopinda upindo. Mama Pacha akajifunza kukata uzi kwa wembe na kuchomeka pini begani. Alichoshindwa kujifunza ni kupima shingo. Ukimpima mteja shingo, unasimama naye uso kwa uso, pua karibu na pua, na hapo hapana pa kujificha. Aliwaona wakibana pumzi. Mama mmoja mwenye adabu zake alijifanya anapiga chafya. Bibi harusi mmoja, msichana mzuri aliyekuja na shangazi zake, aligeuza uso wote ukutani na kusema kwa upole, "Mama, nitakuletea gauni la zamani, ulipime hilo." Mama Pacha alikunja utepe wake polepole na kusema sawa mwanangu. Walipoondoka alipumulia kiganja chake mwenyewe, akanusa, na akataka kuukata mkono.

Tangu siku hiyo alizungumza nyuma ya mtandio. Kucheka aliacha kabisa.

Lakini alikuwa na subira, kwa sababu siku ilikuwa inakuja. Na siku ikaja kweli. Mzee Mita alistaafu kwa heshima zote, akapewa saa ya ukutani na hotuba, na mafao yake yakaingia juu ya akiba ya maisha mazima. Hawakuwa maskini tena. Labda hawakuwahi kuwa maskini, hilo ndilo linalochefua. Mama Pacha alingoja wiki ipite, asionekane ana pupa, kisha akamwandalia chai, akakaa.

"Baba Pacha, sasa nataka meno yangu."

"Utayapata," alisema, akipuliza chai. "Ila pesa nimeifungia. Amana ya mwaka mmoja. Ukiitoa mapema, riba inapotea yote."

Mwaka ukaisha. Akaambiwa hatifungani za serikali zina faida nono zaidi, na mtu mwenye akili hawezi kuacha faida kama hiyo ipite kwa sababu ya meno. Pensheni ya kila mwezi ilikuwa inaingia, na nusu yake ilikuwa inarudi benki, kwa maana mzee yule, aliyeweka akiba miaka yote kwa ajili ya uzee, sasa yumo ndani ya uzee na bado anaweka akiba. Kwa ajili ya nini? Mama Pacha alimuuliza. Alijibiwa kwa neno moja, dharura, na macho yake yakaenda kwenye bomba kuangalia kama halijafungwa.

Wakati huo huo sifa zake zilikuwa zinapaa. Wenzake waliostaafu naye walikuwa wameteketea mmoja mmoja. Mmoja alinunua lori lililokufa gia safari ya pili. Mwingine alifungua baa, akawa mteja wake mkuu. Mwingine alioa msichana rika la binti yake, na msichana akaondoka na friji. Mama Pacha aliwahi kumwona huyo wa msichana sokoni, amechakaa, viatu vimekanyagwa visigino, anacheka na wauza mboga mpaka machozi yanamtoka, meno yote thelathini na mawili yapo nje. Alimwonea wivu hadi akasahau alichokuja kununua.

Basi idara ya maji ilipoandaa semina ya wastaafu watarajiwa, ni nani mwingine wa kuitwa atoe ushuhuda? Mzee Mita alipiga pasi shati lake la kustaafia na kumwambia mkewe avae vizuri, waende wote.

"Mimi nikafanye nini huko?"

"Utakaa mbele na mimi. Watu wakikuona wataamini. Mke ndiye shahidi."

Ukumbi ulikuwa umejaa viti vya plastiki na nyuso zenye wasiwasi. Walikuwa madereva wa magari ya maji, mafundi bomba, makarani, watu waliobakiza mwaka mmoja au miwili na wasiojua watakula nini baada ya hapo. Mzee Mita alishika kipaza sauti kama aliyezaliwa nacho.

"Ndugu zangu, mimi sijafanya maajabu yoyote. Mshahara wangu mliuona, ulikuwa mdogo kuliko wa wengi wenu humu. Ila nilianza mapema. Nyinyi mnakula kwanza, kinachobaki ndicho mnaweka, na hakibaki kitu. Mimi niliweka kwanza, kilichobaki ndicho nilichokula. Na siku mafao yanaingia, usinunue kitu. Kaa na pesa yako kimya, tulia, ndugu na marafiki wapoe. Mtu ambaye hajawahi kufanya biashara asianze siku ya kustaafu."

Watu waliandika. Na alichosema kilikuwa kweli tupu, hapo ndipo ugumu ulipo. Hakukuwa na neno hata moja la kubisha. Angekuwa anasema upuuzi, Mama Pacha angeweza kumcheka moyoni. Alikaa pale mbele ya watu wote, mtandio umefunika mdomo, akimsikiliza mwanamume mwenye maneno safi na nyumba inayonuka, na kichefuchefu kikaanza kumpanda polepole kutoka tumboni.

Afisa utumishi, mama wa makamo mwenye miwani, alinyanyua mkono. "Tumemsikia mzee. Na mama je? Mama, wewe unasemaje? Maana ninyi ndio mnaobeba nyumba."

Kipaza sauti kikaletwa. Ukumbi wote ukamgeukia. Mzee Mita alimtazama kwa tabasamu la mtu asiye na shaka. Mama Pacha alifungua mdomo nyuma ya kitambaa, na pumzi yake ikagonga kitambaa na kumrudia puani.

"Ni kweli alivyosema," alisema.

Wakapiga makofi. Alikirudisha kipaza sauti, akafuta kiganja chake kwenye sketi, akafuta tena. Alikuwa ametoa ushahidi wa uongo kwa sauti yake mwenyewe, na watu wale wenye wasiwasi wangerudi kwenye nyumba zao na kumwambia mtu mwingine jino lisubiri. Mzee Mita alipewa bahasha ya shukrani, akaipima uzito mfukoni, na wakarudi nyumbani kwa miguu ili isiguswe.

Njiani alikuwa na furaha ya ajabu. Alimshika hata mkono. "Umenisimamia vizuri leo. Nina zawadi yako. Subiri kesho."

Matumaini yalimnyima Mama Pacha usingizi. Ndiyo, bado alikuwa nayo, mtu mzima yule, baada ya yote. Alilala chali akipitisha ulimi kwenye mapengo na kuyaambia maneno ya kuagana. Alijiona anampima shingo bibi harusi, anamwambia inua kidevu mwanangu, na msichana anainua bila kubana pumzi.

Siku ya pili, kabla ya saa ya chakula, Mzee Mita alitoka chumbani na kitu kilichofungwa kwenye leso. Akakiweka juu ya meza ya cherehani, katikati ya makola ya sare.

"Fungua."

Akafungua. Yalikuwa meno. Seti nzima, ya juu na ya chini, yenye fizi za plastiki za rangi ya waridi, yanamkenulia kutoka kwenye leso. Kulikuwa na alama ya chai nyuma ya meno ya mbele, na kwenye mfereji wa fizi kitu chembamba kilichokauka ambacho hakutaka kukijua.

"Ni ya nani haya?"

"Yako sasa. Yule mtunza stoo wetu, si unamjua? Mkewe aliyatumia muda mfupi sana kabla hajafariki. Yalikuwa yamekaa tu kwenye glasi. Nimeyapata karibu bure. Ni mazuri, tazama, hayana hata ufa. Yakikubana, utayapiga tupa kidogo pembeni. Wewe fundi bwana, utashindwa na hilo?"

Mama Pacha aliyajua meno yale. Alimshonea mwanamke yule gauni la mwisho kuvaa akiwa mzima. Alikuwa amekuja pale pale, akasimama pale pale, akajishika kiuno na kucheka ovyo, bila sababu, apate tu kuyaonyesha. "Mume wangu kaniambia nichague nitakayo," alisema, na Mama Pacha alijibu hongera na kuinama kupima upindo ili asionekane machozi. Sasa kicheko cha mwanamke yule kilikuwa kimelala kwenye leso, bila mwanamke.

"Haya yametoka kinywani mwa maiti," alisema.

"Yametoka kwenye glasi. Halafu niliyachemsha alfajiri."

"Umeyachemsha kwenye sufuria gani?"

Mzee Mita alifikiri. "Ile ya chai."

Walikuwa wamekunywa chai asubuhi ile. Alikuwa amekunywa vikombe viwili, kwa furaha.

Mtandio ulimshuka shingoni na hakuupandisha. "Baba Pacha, nilikwambia nataka meno yangu. Yangu. Nimeshona tangu pacha wako tumboni, na kila senti uliichukua wewe. Sikukuomba gari. Sikukuomba nyumba nyingine. Nataka meno yatakayotengenezwa kwa kupima mdomo wangu."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alivuta kigoda, akakaa, na akazungumza kwa upole ule ule wa kwenye ukumbi.

"Mama Pacha, tuongee kama watu wazima. Meno mapya bei yake ni ile ile, ukiyatumia miaka thelathini au miaka sita. Sasa tujiulize. Mama yako alifariki ana sitini na saba. Dada yako mkubwa, sitini na tano. Yule wa pili hakufika hata hapo. Kwenye ukoo wetu sisi tunavuka tisini, baba yangu unamkumbuka. Mimi nina safari ndefu mbele. Nimepanga kila kitu kwa kuzingatia hayo. Si ubaya, ni mipango."

Cherehani ilikuwa katikati yao. Nje mtu alipita akimwita mwenzake.

"Umepiga hesabu ya kufa kwangu?"

"Sijapiga hesabu ya kufa," alisema, akiwa ameumia kidogo. "Nimepiga hesabu ya matumizi."

"Na hiyo pesa ya uzeeni ni ya nani?"

"Yetu, ya nani tena!"

"Yetu mpaka lini?"

Aliangalia pembeni, kwenye makola, na maskini hakuwa hata na akili ya kudanganya. Jibu alikuwa nalo, lenye mwaka wake kabisa, ila aliona haya kulitaja mbele ya mhusika.

Mama Pacha aliinuka. Alitaka kusema neno, lakini kilichopanda kooni hakikuwa neno. Alikimbia mpaka chooni, akafunua kile kifuniko, na harufu ya yote ya tangu asubuhi ikampiga usoni, na akatapika chai yote, na chakula cha jana, na kichefuchefu cha ukumbini, akatapika mpaka hakuna kitu. Kisha akanyoosha mkono na kuvuta maji. Jua likiwa utosini! Yalinguruma nyumba nzima. Alisubiri tangi lijae, akavuta tena.

"We! We mwanamke!" Mzee Mita alikuwa mlangoni. "Umepatwa na nini?"

"Nasafisha," alisema Mama Pacha, na akavuta mara ya tatu, ingawa tangi lilikuwa halijajaa.

Jioni alimkuta mumewe anayafunga yale meno kwenye leso taratibu na kuyaweka kabatini, kwa kuwa kitu kizima hakitupwi.

Kulipopambazuka alikwenda shuleni kupeleka sare za mwisho za muhula. Mhasibu wa shule alizikagua, akamlipa kwa mkupuo kama kila muhula, na kumwuliza hali ya mzee. Mzee alikuwa nyumbani, akingoja bahasha ile, kwa sababu kila muhula ilifika mezani kwake kabla haijafunguliwa. Mama Pacha alitoka lango la shule. Kushoto ilikuwa nyumbani. Alisimama kidogo, akashindilia bahasha ndani ya nguo kifuani, akageuka kulia.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana, mwenye mikono midogo. Mama Pacha alimhesabia pesa za bahasha mezani, lakini alikataa kufungua mdomo mara ya kwanza.

"Naona aibu, daktari. Kunanuka."

"Mama, mimi kazi yangu ndiyo hii. Fungua tu."

Akafungua. Daktari aliinama, uso kwa uso, pua karibu na pua, na hakugeuza shingo. Aligusa hapa, akagonga pale.

"Nani alikuambia uyang'oe yote haya?"

"Niliamua mwenyewe," alisema Mama Pacha, na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli.

"Mengi tungeyaokoa. Haya manne sasa hayafai, tutayatoa, tutibu fizi kwanza, zikipona tupime, tukutengenezee mengine." Akavuta droo na kuweka sampuli mbili juu ya trei. "Kuna aina mbili. Haya ni ya plastiki ya kawaida, bei yake nafuu. Miaka michache yatalegea na utahitaji mengine. Haya ni mazuri zaidi, yanashika vizuri, unatafuna chochote, yanadumu sana. Ila bei yake ni zaidi ya mara mbili. Bahasha yako itayatosha, lakini haitabaki kitu. Unataka yapi?"

Mama Pacha aliyatazama. Alianza na mama yake, sitini na saba. Akaja kwa dada mkubwa. Akajumlisha, akatoa umri wake, na hesabu ikaja nyepesi, bila kusumbua, kama mtu aliyefundishwa vizuri. Ya plastiki yangemfikisha. Yangemfikisha kabisa, na pengine yangebaki.

"Haya ya bei nafuu," alisema. "Yanatosha."

"Sawa mama." Daktari akageuka kuandika.

Ndipo alipojisikia anavyosema. Sauti ilikuwa yake, lakini upole ule, utulivu ule wa kupuliza chai, aliujua ulikotoka. Mwanamume yule hakuwa pale. Alikuwa nyumbani anangoja bahasha, na bado alikuwa amekaa humu ndani, kwenye mdomo huu huu, anaongea. Miaka yote alidhani kinachooza ni meno tu. Kinyaa kilichompata hapo hakikuwa cha choo wala cha sufuria ya chai. Hiki hakikuwa na mahali pa kutapikia.

Akamshika daktari mkono wenye kalamu.

"Futa hapo."

"Mama?"

"Futa. Andika yale mazuri. Yale yanayodumu." Machozi yalikuwa yanamtoka na mdomo wake ulikuwa wazi, mapengo yote nje, na hakuufunika. "Na habari za miaka yangu mimi, daktari, zisijadiliwe humu ndani."

Daktari alimtazama kwa mshangao, maana hakuna mtu aliyekuwa ametaja miaka yake.